Ratiba Mbili Ukutani

Nyumbani kwa kaka yangu, Chanika, kuna ratiba mbili zimebandikwa ukutani, juu ya ile meza ambayo watoto wanafanyia kazi za shule na watu wazima wanakunjia nguo. Zote mbili ameziandika wifi yangu kwa mkono, kwenye karatasi za katikati ya daftari. Moja ni ya mtoto mkubwa, wa kiume. Nyingine ni ya mdogo wake, wa kike. Wamepishana mwaka mmoja na miezi kidogo, wanalala chumba kimoja, wanasoma shule moja ya serikali na wanagombania kiatu kimoja cheusi kila asubuhi kwa sababu cha pili hakionekani. Lakini ukizisoma zile ratiba unaweza kudhani mmoja anasoma nchi nyingine.

Mwaka 2024 Mkubwa (nitamwita hivyo) alikuwa darasa la nne. Ratiba yake ilikuwa na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, na Dini. Mdogo alikuwa la tatu. Yeye alikuwa na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na Dini kama kaka yake, halafu Sayansi tupu bila Teknolojia, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na somo ambalo Mkubwa alilisoma kwa sauti mara tatu siku ratiba ilipobandikwa: Sanaa na Michezo.

Sababu yake inajulikana kwa wenye watoto wa umri huo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, ila haukuanza kwa wote kwa mkupuo. Ulianza na elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Aliyekuwa la nne aliendelea na wa zamani. Na kwa kuwa mtaala mpya umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, Mdogo atamaliza la sita mwaka 2027, na kaka yake atamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Wataenda kidato cha kwanza pamoja kama mapacha, baada ya kusoma vitabu ambavyo mmoja hawezi kumrithisha mwenzake.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na mtaala huu niliuandikia mapema. Kurasa mbili, na picha ya watoto wakinyoosha mikono darasani, ile picha ambayo sisi watu wa magazeti tunayo tayari miaka yote. Niliandika mageuzi, niliandika wadau, niliandika umahiri. Niliandika kwamba elimu ya lazima sasa ni miaka 10. Nikajiona nimefanya kazi. Mama alisomewa habari ile na jirani yake kule Iringa, maana macho yalikuwa yameshaanza kumsumbua, akanipigia jioni.

"Nimesikia uliyoandika. Umewaeleza wanaoanza. Sasa hawa waliobaki na vitabu vya zamani, mwalimu wao nani?"

"Ni walewale walimu, Mama."

"Ndiyo nakuuliza. Mwalimu mmoja, kipindi cha kwanza muhtasari mpya, kipindi cha pili wa zamani. Andalio la somo anaandika usiku gani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemuuliza mwalimu yeyote. Nilikuwa nimemuuliza afisa mmoja, mtaalamu mmoja, na mzazi niliyemkuta getini. Mwalimu mwenyewe sikumtafuta, mimi niliyelelewa na mwalimu.

Mama amefundisha shule ya msingi miaka 38, kuanzia 1980 hadi alipostaafu 2018, karibu yote nje kidogo ya mji wa Iringa. Aliingia kazini wakati nchi imetoka tu kutangaza kwamba kila mtoto lazima aende shule, watoto wamejaa hadi kwenye ngazi za dirisha, walimu hawatoshi. Tangu hapo amepita mitaala mingi, na ukimsikiliza akiisimulia utadhani anasimulia misimu ya mvua.

Alianza akifundisha Siasa. Ulipofika mwaka 1992 na vyama vingi vikaruhusiwa, somo la Siasa halikuwa na pa kukaa tena, likaja Uraia. Mama anasema vitabu vilifungwa kamba vikawekwa stoo, ila mwalimu hakufungwa kamba. Aliambiwa aingie darasani na jina jipya. Mwishoni mwa miaka ya 90, Historia, Jiografia na Uraia vikaunganishwa, vikaitwa Maarifa ya Jamii. Ndivyo nilivyosoma mimi. Mtaala wa 2005 ukavitenganisha tena, kila kimoja na daftari lake, isipokuwa kwenye mtihani wa darasa la saba, ambako watoto waliendelea kukuta karatasi moja tu, Maarifa ya Jamii, kana kwamba hakuna aliyewaambia watunzi kuwa ndoa imevunjika. Muongo uliofuata Historia na Jiografia vikarudiana chini ya jina lilelile la Maarifa ya Jamii, Uraia ukachukuliwa na Maadili. Sasa wametengana upya: Historia kaoa Maadili, Jiografia kaolewa na Mazingira. Nilimwambia Mama kwamba inanikumbusha ile ndoa ya mtaani ambayo kila jirani anaijua: wakiachana, usinunue vyombo vyao, watavirudia. Alicheka mpaka akatafuta leso.

Mimi nayapenda majina ya masomo. Najua ni ugonjwa wa watu kama sisi, wa kusoma hata kilichoandikwa kwenye mfuko wa unga. Lakini angalia. Neno "haiba", ambalo kwa kawaida unalikuta kwenye mashairi ya kumsifia mtu, liliwahi kuandikwa kwenye ratiba ya shule kati ya Hisabati na mapumziko: Haiba na Michezo. Mtoto wa miaka tisa anaambiwa kesho njoo na daftari la Haiba. "Stadi" pia si neno la kitoto. "Maarifa" ni pana kiasi kwamba ukilipa somo moja unajiuliza masomo mengine yanafundisha nini. Na "amali", ambalo bara tumelizoea juzi tu kwa huu mkondo mpya wa sekondari, Zanzibar walikuwa nalo zamani mpaka kwenye jina la wizara yao ya elimu. Hisabati sisi tulikuwa tunaiandika juu ya daftari tu. Mdomoni ilikuwa hesabu. "Leo kuna hesabu" ilikuwa sentensi ya kuumiza tumbo.

Daftari zenyewe tulizifunika kwa magazeti ya zamani. Gazeti langu la kwanza kulisoma lilikuwa jalada la daftari la Maarifa ya Jamii. Habari ilikuwa imekatwa katikati kwenye pindo, na sikuwahi kujua iliishaje.

Ila katika yote, jina ninalolipenda kuliko mengine ni la somo ambalo halipo tena: Sayansi Kimu. Kimu, ya kukimu, kujikimu. Yaani sayansi ya kuishi. Aliyelitunga alikuwa na sikio. Na hilo ndilo lilikuwa somo la Mama hasa. Siasa na Uraia alipewa kwa sababu ya uhaba wa walimu, lakini Sayansi Kimu aliichagua chuoni.

Nakumbuka chumba chake. Kilikuwa mwisho wa jengo, kina meza mbili ndefu, masufuria, jiko la mkaa, na cherehani nne za mkono zilizofunikwa kwa vitambaa ambavyo wanafunzi wenyewe walividarizi. Nilikuwa bado sijaanza shule, nikikaa chini ya meza na mabaki ya vitambaa. Juu yangu nilikuwa nasikia: makundi ya vyakula, namna ya kuchemsha maji ya kunywa, kwa nini mboga isipikwe hadi ibadilike rangi, jinsi ya kushona pindo lisionekane kwa nje. Alikuwa akiingiza wavulana kwenye zamu ya kushona vifungo, jambo ambalo baba mmoja alikuja kulalamikia ofisini. Mama alimwangalia shati lake, likikosa kifungo cha pili kutoka juu, akamwambia: "Baba, kaa kidogo, mwanao akushonee." Hadithi hii nimeisikia kwake mara nyingi na kila mara kifungo kinapanda au kushuka, kwa hiyo sitaapa kuwa kilikuwa cha pili.

Mabadiliko ya mwishoni mwa miaka ya 90 yalipokuja, Sayansi Kimu haikufutwa kwa kelele. Iligawanywa. Lishe na afya vikaenda Sayansi. Mapishi na ushonaji vikaenda kwenye somo jipya lililoitwa Stadi za Kazi, pamoja na vitu vingine vya mikono. Kwenye karatasi hakuna kilichopotea. Kwenye shule ya Mama kilichopotea kwanza ni chumba, maana kilihitajika kwa darasa, kisha jiko. Cherehani zilipelekwa ofisini, zikakaa juu ya kabati, halafu siku moja hazikuwepo. Alipouliza aliambiwa zimeenda matengenezo. Hii ilikuwa mwaka 1999 au 2000. Kama bado zinatengenezwa, fundi huyo ni makini sana.

Nimewahi kuisoma *Elimu ya Kujitegemea* ya Mwalimu Nyerere, ya Machi 1967, nikiwa chuo kikuu, kwa ajili ya mtihani, na kuisahau baada ya mtihani. Niliirudia mwaka jana kwa sababu ya ile simu ya Mama. Hoja yake moja ni nyepesi kiasi kwamba inaumiza: kwa kuwa watoto wengi wa wakati ule hawangeenda zaidi ya shule ya msingi, shule hiyo lazima iwe elimu kamili yenyewe, si chumba cha kusubiria sekondari. Kwa hiyo shamba, kwa hiyo karakana, kwa hiyo Sayansi Kimu. Sitaki kuipamba. Tuliosoma tunajua shamba la shule liligeuka kuwa nini sehemu nyingi. Sisi tulibeba ndoo za maji hadi nyumba za walimu, na nyumba mojawapo ilikuwa yetu. Nilikuwa nabeba ndoo kwenda nyumbani kwangu nikiwa na sare, nikiitwa kujitegemea. Samadi tulileta kila Ijumaa, na mahindi hatukuyaona. Lakini swali lililoulizwa mwaka ule lilikuwa la kweli: mtoto ambaye hatachaguliwa, umempa nini?

Hapo ndipo inanibidi niseme jambo ambalo Mama aliniambia Agosti 2024. Alikuwa amekuja Dar kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, akakaa kwa kaka wiki sita. Jumapili nilikuwa naenda kumwona. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye ile meza, miwani meusi usoni, Mdogo akimsomea kitabu cha Sanaa na Michezo na Mkubwa akijifanya hasikilizi.

"Unamkumbuka yule mwenzako aliyekuwa anashona?" Mama akaniuliza.

Namkumbuka. Tulikuwa naye darasa la saba mwaka 2002, tulikaa dawati moja. Stadi za Kazi ilikuwa kwenye ratiba, vipindi vya dakika 40, mwalimu wake Mama. Bila cherehani, bila jiko, Mama aliendelea na sindano na uzi alivyonunua mwenyewe. Mwenzangu alikuwa anashona mshono ulionyooka kama umepigiwa rula. Hesabu zilikuwa zinamshinda. Na mimi nilikuwa katikati: hesabu sikuziweza sana, kushona sikuweza kabisa.

Kisha muhula wa mwisho ukafika, na Stadi za Kazi ikatoweka. Haikutangazwa. Kipindi kilikuwa pale kwenye ratiba, ila aliyeingia alikuwa mwalimu wa hesabu na karatasi za mitihani iliyopita. Miaka yote niliamini kwamba mwalimu mkuu ndiye aliyeamua. Wengi wetu tuliamini hivyo, na tulimchukia kidogo.

"Ni mimi," Mama akasema. "Mimi nilienda ofisini nikasema, chukueni vipindi vyangu. Stadi za Kazi haina karatasi kwenye mtihani. Nilikuwa na wewe mle ndani. Nilitaka uchaguliwe."

Wifi aliacha kukunja nguo. Mama hakulia wala hakuweka sauti ya kuungama. Alisema kama anayekumbuka bei ya sukari ya zamani.

"Na ulichaguliwa," akamalizia.

Nilichaguliwa. Darasa letu tulikuwa 63, tulichaguliwa 9. Mwenzangu hakuchaguliwa. Nilipata hesabu ya kutosha kupita, na sina hakika ni vipindi vya nani vilivyonisaidia, lakini vya Stadi za Kazi vimo humo. Nimefika nilipofika nikiwa nimepanda juu ya somo la mama yangu, na juu ya sehemu pekee ya wiki ambayo mwenzangu alikuwa wa kwanza darasani.

Nilimtafuta Septemba nilipompeleka Mama Iringa. Haikuwa kazi, kila mtu anamjua. Ana kibanda karibu na soko, cherehani tatu, wasichana wawili wanajifunza kwake. Anashona sare za shule. Nilimweleza, kwa kuwa nilihisi lazima nimweleze. Alinisikiliza huku akikata kitambaa cha kaki, hakunyanyua macho.

"Mwalimu alinipa zile sindano," alisema. "Zote. Siku tulipomaliza la saba alinifuata nyumbani akanipa kopo zima. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Ameungama kosa na kuacha kulitaja lile jema, kama ilivyo kawaida yake. Au labda kwake kopo la sindano halikutosha kulipia. Nilitaka kumuuliza mwenzangu kama ana kinyongo. Nilishindwa, nikaagiza gauni. Lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyonunua Kariakoo.

Narudi Chanika. Mkubwa ni mtoto wa kuchora. Si kwamba ana kipaji cha kutangazwa redioni, ila mkono wake hautulii: nyuma ya kila daftari kuna daladala, kuku, uso wa mwalimu wa zamu. Mwaka 2024 aligundua kwamba mdogo wake ana somo zima ambalo ndani yake mtu anaruhusiwa kuchora na kuambiwa vema. Alianza kumfanyia kazi za nyumbani za Sanaa. Malipo yalikuwa kwamba Mdogo amsaidie jedwali la kuzidisha, ambalo Mdogo analijua hadi la kumi na mbili na kaka yake hadi la sita, akijitahidi. Biashara hii iliendelea miezi mitatu kabla wifi hajashtuka. Mwalimu wa Sanaa alikuwa ameandika kwenye daftari la Mdogo: "Umeboreka sana."

Hesabu zake zilimfanya kaka yangu apate wazo. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa, mwishoni mwa Oktoba, na asiyefikia kiwango anaweza kujikuta anarudia darasa. Kaka ni mtu wa kupanga. Anauza vipuri na anahesabu kila kitu kama stoo. Jumapili moja alisema mbele yetu sote, Mkubwa akiwa nje: "Sasa hebu tufikirie. Akifeli, akarudia la nne mwakani, la nne hilo litakuwa la mtaala mpya. Ataingia kwenye Sanaa, atakuwa na mdogo wake, vitabu nitanunua seti moja. Na bado atamaliza 2027 ileile! Tatizo liko wapi?"

Nitasema ukweli, nilipiga hesabu ile kichwani na ikakubali. Mwaka asioupoteza, somo analolipenda, gharama pungufu. Nilijaribu hata kuulizia kwa watu ninaowafahamu kama jambo hilo linaruhusiwa kwa namna hiyo, nikapata majibu matatu kutoka kwa watu wawili.

Wifi alipinga. "Utamkalisha dawati moja na mdogo wake? Watoto wa hapa mtaani watamwita nini?" Kaka akasema majina huisha. Wifi akasema kwao kuna mjomba ana miaka 60 na jina lake la darasa la tatu bado linaitwa.

Mama alikuwa bado na ule upande wa jicho uliofunikwa. Hakutoa rai. Alisema tu mtoto aitwe. Mkubwa akaingia na vumbi hadi magotini.

"Njoo hapa, mume wangu," alisema, maana wajukuu wa kiume kwake ni waume. "Ukiambiwa urudie la nne, usome vile vitabu vya mwenzako, utapenda?"

Mkubwa alimwangalia baba yake kwanza, kuona jibu gani linatakiwa. Kaka, kwa heshima yake, alitazama pembeni.

"Bibi, mimi nataka vitabu vyake," alisema. "Sitaki darasa lake."

Kikao kikaisha hapo. Kaka akatafuta mwalimu wa tuisheni, kijana wa chuo anayeishi nyumba ya tatu, jioni tatu kwa wiki. Na kama ulivyokwisha kubahatisha, kitu cha kwanza kilichoondolewa ili tuisheni ipate nafasi ni kuchora. Penseli za rangi zikapanda juu ya kabati. Mimi nilikuwepo zilipopanda. Nilikuwa nimetoka kusikia habari ya vipindi vya Stadi za Kazi wiki mbili zilizopita, na nilinyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa hajui saba mara nane.

Sijui walimu wa Mkubwa wanapitia nini. Nilienda kumwona mmoja, safari hii kama shangazi, si kama mwandishi. Ni mwanamke wa rika langu. Anafundisha Maarifa ya Jamii la nne na Jiografia na Mazingira la tatu. Alinionyesha mikoba miwili, mmoja kila mtaala, ili asichanganye. Vitabu vya la tatu vilimfikia vichache mwanzoni, akawa anavisoma kwenye simu, kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa bando lake mwenyewe, halafu anaandika ubaoni. "Wa la tatu nawapenda kwa sababu sote tunajifunza," alisema. "Wa la nne nawaonea huruma. Ni kama abiria wa basi la mwisho. Kila mtu anashughulika na basi jipya." Nilimwomba nimnukuu gazetini bila jina. Alikataa. Hapa ameniruhusu.

Nikamuuliza lile swali la Mama, andalio la somo anaandika usiku gani. Alicheka kama mtu aliyeguswa kidonda kwa kidole laini.

"Nani amekwambia uniulize hivyo?"

"Mama yangu. Ni mwalimu mstaafu."

"Mwambie Jumapili, baada ya kanisa."

Matokeo yalitoka Januari. Mkubwa alipata wastani wa C. Hisabati D, Kiswahili B, na Uraia na Maadili A, jambo lililomshangaza kila aliyewahi kumwona akigombania rimoti. Akapanda la tano. Mdogo akapanda la nne. Wifi aliandika ratiba mpya mbili, akazibandika palepale juu ya alama za gundi za mwaka uliopita. Penseli za rangi zilishuka kabatini. Zilikuwa pungufu mbili na hakuna aliyekiri.

Mwezi Februari nilipoenda, niliona ratiba ya Mkubwa imeongezewa safu. Ilikuwa inaishia Ijumaa. Sasa kulikuwa na Jumamosi, imepigiwa mistari kwa rula, na kwenye kisanduku cha saa nne asubuhi ameandika kwa herufi kubwa: S/KIMU. Nilimuuliza ni nini. Alisema ni somo la Bibi, wanasoma kwa simu, Bibi akiwa na bando.

Nilikaa nikasubiri saa nne. Simu iliita saa nne na dakika ishirini, kwa picha, na kwa muda mrefu tuliona dari ya nyumba ya Iringa na sehemu ya kilemba. Somo la siku hiyo lilikuwa kifungo. Mkubwa alikuwa na shati lake la shule, uzi mweupe, na sindano aliyokuwa ameshindwa kuitunga. Mdogo aliitunga mara moja, akaambiwa na kaka yake aondoke, hajaandikwa kwenye ratiba.

"Piga fundo mwisho wa uzi," Mama akasema. "Umepiga?"

"Nimepiga."

"Lete karibu na simu nione."

Alilisogeza shati hadi likafunika kamera. Kule Iringa ilikuwa giza.

"Sasa nitaonaje, mume wangu? Rudisha nyuma kidogo. Nyuma. Hapo. Hilo si fundo, hilo ni uzi umejikunja. Fungua, anza tena."